Akina Nakamori amerudi kweli, au anachungulia tu mlangoni?

#1 MzeeWaKaseti (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Najua tunaofuatilia muziki wa Kijapani wa zamani humu ni wachache, ila hao wachache wana kiherehere cha watu mia. Njooni tukae.

Wikiendi iliyopita, tarehe 19 na 20 Aprili 2025, Akina Nakamori kapanda jukwaani Oita, kule Kyushu, kwenye tamasha la wazi la Jigorock. Siku zote mbili. Nimesoma habari ile mara tatu nikidhani nimeielewa vibaya.

Kwa wageni: huyu mama alisimamisha kazi Oktoba 2010 kwa sababu za afya. Akatokea usiku wa tarehe 31 Desemba 2014 kwenye Kohaku, lile onyesho kubwa la muziki la mkesha wa mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, tena hakuwepo ukumbini, alikuwa studio New York akarushwa hewani kutoka huko. Mwaka 2016 na 2017 akafanya yale maonyesho yao ya hotelini, watu wanakula kwanza halafu msanii anaimba. Baada ya hapo, kimya. Agosti 2022 akatangaza ofisi mpya na akaunti ya Twitter, mashabiki wakalia kwa furaha, halafu kimya tena kwa muda mrefu. Mwaka jana zikaanza kuonekana video YouTube, nyimbo zake za zamani kazipiga upya kwa jazi. Na sasa Oita, juani, mbele ya watu waliosimama kwenye nyasi.

Tarehe 13 Julai mwaka huu anatimiza miaka 60. Swali langu kwenu: kinachofuata ni nini? Tamasha lake mwenyewe, Kohaku, albamu, au ndiyo tumeshapewa chetu turudi nyumbani?

#2 Nasubiri_Tu

Natandika mkeka. Wajuzi waje.

#3 Kijogoo86

Mzee umeanza tena.

Mwaka 2022 ulitukalisha hapahapa ukisema "safari hii Kohaku lazima, ofisi imefunguliwa, ametimiza miaka 40 tangu aanze, kila kitu kimepangika". Mimi mtu mzima nikaacha pilau ya mwaka mpya nikatazama toka saa saba mchana mpaka karibu saa kumi na mbili jioni, kwa sababu usiku wao ndio mchana wetu. Hakutokea. Nikala pilau ya baridi na mke wangu hakunisemesha.

Tamasha la Oita nimeliona. Nafurahi kama wewe. Ila kuimba nyimbo chache kwenye jukwaa la watu wengi si sawa na kubeba onyesho la saa mbili peke yako. Usianze kutuuzia chai.

#4 Bint_Forodhani

Shikamoo mzee wa uzi. Kijogoo, pole na pilau.

Mimi naomba tuache kidogo habari za tarehe, tusikilize sauti, maana majibu yapo humo. Mmesikiliza zile za jazi kwa makini? "TATTOO" ya 1988 ilikuwa ya mbio, tarumbeta zinakupiga usoni, naye anaimba kama anayekukatia kauli. Toleo jipya limetulizwa na sauti imekaa chini. Pale zamani alipokuwa anavuta noti ndefu mpaka inatetemeka mwishoni (ule mtetemo ndio uliomfanya awe Akina), sasa anaikata mapema na kuacha ala zimalizie. Mwanzoni nilihuzunika. Nikasema basi, pumzi imeisha.

Nikasikiliza tena usiku, kwa spika za masikioni. Haikuisha pumzi, ni mtu aliyejua pumzi yake inafika wapi akaishonea nguo ya kipimo hicho. Mpangilio mzima umejengwa kuizunguka sauti aliyonayo leo. Mtu anayetaka kuchungulia tu na kuondoka hajisumbui hivyo. Angeimba juu ya ala zilezile za zamani, watu wangepiga makofi kwa huruma, akaenda zake.

Halafu sauti yake tangu ujana ilikuwa ya chini kuliko wenzake. Wakati wale wengine wanaimba kama vifaranga, binti wa miaka 17 anaimba kama mama aliyeachika. Sisi tuliokulia kwenye taarabu sauti ya chini haitutishi. Bi Kidude alipokuwa na miaka 60 ilikuwa bado asubuhi.

#5 DogoWaKinondoni

Samahani wakuu, huyu ni nani hasa? Nimeingia nikidhani ni Akina fulani wa hapa mtaani 😂

#6 MzeeWaKaseti

Dogo umenichekesha. Karibu.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1965, kwenye familia ya watoto sita. Kulikuwa na kipindi cha televisheni cha kusaka vipaji, Star Tanjo, yeye akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu, 1981, akaimba wimbo wa Momoe Yamaguchi, akapita. Tarehe 1 Mei 1982 ikatoka "Slow Motion", haikutikisa sana, ila karibu miezi mitatu baadaye ikaja "Shojo A" na nchi nzima ikageuza shingo. Mwaka 1985 akatwaa tuzo kubwa ya rekodi ya Japani kwa "Mi Amore", mwaka 1986 akaitwaa tena kwa "Desire". Mwanamke wa kwanza kuichukua miaka miwili mfululizo. Kwenye "Desire" alivaa kimono alichokigeuzageuza na wigi la nywele fupi zilizokatwa mstari, na mavazi alikuwa anajipangia mwenyewe. Watu wanaiga mpaka leo.

#7 DogoWaKinondoni

Asante mzee. Na wewe mtu wa Tabata ulimjulia wapi?

#8 MzeeWaKaseti

Hapo umenigusa, ngoja nisimulie.

Mwaka 2013 nilinunua Toyota Spacio, imetoka melini hata harufu ya mwenyewe wa zamani haijaisha. Mnajua redio za magari ya Kijapani, FM inaanzia 76 inakomea 90. Stesheni nyingi ninazozipenda Dar ziko juu ya hapo. Kile kifaa cha kuongeza masafa sikuwa na hela ya kukifunga, nilikuwa nimemaliza kila kitu kwenye ushuru. Kwa hiyo asubuhi gari linanisalimia kwa Kijapani, sauti ya dada mmoja mpole (baadaye nikaambiwa analalamika kadi ya barabara ya kulipia haijachomekwa), halafu kimya mpaka Posta.

Siku moja kwenye foleni ya Ubungo nikabonyeza kitufe cha CD kwa hasira tu. Ikaanza kuimba. Mwenye gari alisahau diski ndani. Wimbo wa kwanza kuusikia ulikuwa taratibu, kinanda na mwanamke anayeongea zaidi ya kuimba, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Sikuelewa neno, ila nilijua kuna mtu kaachwa. Foleni ikasogea, wa nyuma akanipigia honi, mimi nimeduwaa.

Kila nilipoitoa diski nilikuwa naitazama. Ni ya kuchoma nyumbani, nyeupe, juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito herufi mbili tu za Kijapani. Nikaipiga picha nikaileta humu jukwaani. FundiNagoya ndiye aliyenisomea.

#9 FundiNagoya

Nipo wakuu, nilikuwa zamu.

Nakumbuka ile picha. Herufi mbili, 明菜, Akina. Ya kwanza ni mwanga, ya pili ni mboga za majani. Nikamwambia mzee gari lako umeachiwa Mchicha Mng'avu, akanuna wiki nzima.

Na huo wimbo wa foleni, kwa alivyouelezea, nina hakika ni "Nanpasen", wa 1987, ulioandikwa na Tokiko Kato. Maana yake meli iliyovunjika. Kwenye gereji ninayofanya kazi hapa Japani kuna mzee mmoja, bingwa wa gia boksi, haongei kutwa nzima. Mwisho wa mwaka tulienda karaoke, akauchagua huo. Aliimba beti mbili, ya tatu akashindwa, akaweka maiki mezani, akaagiza bia. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa nije kwenye hoja. Jumatatu hapa kazini ilikuwa ni Oita tu. Na wenyewe wamegawanyika kama ninyi. Ila kuna kitu nataka mkielewe, hasa Kijogoo. Kwa Wajapani miaka 60 si namba ya kawaida. Inaitwa kanreki. Kalenda yao ya kale inazunguka miaka 60, kwa hiyo ukiifikisha unahesabika umerudi ulipoanzia, na mhusika anavalishwa kitu chekundu, rangi ya mtoto mchanga. Kwa msanii hiyo ni ruhusa. Anaweza kufanya sherehe bila kuonekana anajitangaza. Mimi naona Oita ilikuwa mazoezi ya mwili kabla ya Julai. Uone kama miguu inasimama, kama sauti inahimili siku mbili mfululizo. Mbona hakuchagua siku moja?

#10 Kijogoo86

Hoja ya siku mbili mfululizo nimeikubali. Hiyo imeniingia.

Ila nauliza, kwa nini tamasha la watu wengi? Kwa sababu siku ikiharibika, lawama inagawanyika. Ukiuza tamasha lako mwenyewe halafu asubuhi mwili ukagoma, unarudisha pesa za maelfu ya watu na magazeti ya kila wiki kule yanakula mwezi mzima. Haya magazeti ya udaku ya Japani hayana huruma, na huyu mama yamemla vya kutosha.

#11 MwanaMvita

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa.

Kijogoo wasema kweli kuhusu magazeti. Mwaka 1989 haukuwa mwaka mwema kwake, alipitia mazito na nchi nzima ikamkodolea macho kama yuko sokoni. Sitaki kuyafukua. Ila mwajua Julai 1990 alirudi na "Dear Friend" ikapanda moja kwa moja hadi namba moja? Kwa hiyo huyu kurudi yuwakujua. Si mara yake ya kwanza, wala ya pili.

Mie napenda kumlinganisha na waliofunga mlango. Momoe Yamaguchi, huyo ambaye wimbo wake ndio Akina aliingilia mlangoni, tarehe 5 Oktoba 1980 pale Budokan, ule ukumbi mkubwa wa Tokyo, aliiweka maiki chini sakafuni, akageuka, akenda zake. Alikuwa na miaka 21. Aliolewa, akalea wana, akashona vitambaa vyake vya viraka, na mpaka leo hajarudi kuimba. Namie Amuro naye akastaafu Septemba 2018, na mwishoni mwa 2023 hata nyimbo zake zikatoweka kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni. Hao walisema kwaheri na kwaheri ikawa kwaheri.

Akina je? Hajawahi kusema kwaheri. Alisema napumzika. Tena mwaka 2010, tena baadaye. Mtu aliyeacha mlango wazi miaka yote hiyo, mvua inaingia, vumbi laingia, yuwangojea kitu.

#12 Bint_Forodhani

MwanaMvita umeongea vizuri mpaka nimerudia kusoma.

Niongeze jambo dogo kwa watu wa pwani. Mnajua ana wimbo wa Januari 1988 unaoitwa "Al-Mauj"? Kiarabu hicho, mawimbi. Na wa 1985, "Sand Beige", wa jangwani, una maneno ya Kiarabu ndani yake. Nilimsikilizisha bibi yangu hapa Unguja, kaweka mkono sikioni, kasema, "Huyu mtoto anatamka kama kazaliwa Japani." Bibi, kazaliwa Japani kweli!

#13 Nasubiri_Tu

Mkeka umejaa. Nimeongeza jamvi.

#14 FundiNagoya

Tuzungumze Kohaku sasa, maana kila mtu ataishia huko.

Orodha ya washiriki hutangazwa Novemba. Kila mwaka kuanzia Septemba magazeti ya michezo yanaanza kunusa: "NHK inamtaka fulani". Jina la Akina halikosekani. Kuna sababu: NHK inajua nguvu yake. Aprili 2022 walirusha onyesho lake la 1989, lile la Yomiuri Land, na watu wakapagawa mpaka wakalirusha tena kiangazi. Onyesho lililokuwa na miaka 33 wakati huo!

Lakini mimi sidhani Kohaku ndiyo mlango wake. Kohaku ni dakika chache, taa nyingi, unasimama kwenye mstari na watoto wa vikundi, unapunga mkono. Ukiangalia tangu 2022 anavyotembea, anapita milango midogo tu. Ofisi ndogo, klabu ya mashabiki, video bila hadhira, mkusanyiko wa wanachama, halafu jukwaa la mkoani mbali na Tokyo. Oita! Hapo jirani ni Beppu, yale mabwawa ya maji yanayochemka wanayoyaita jehanamu. Angetaka kelele angeenda Budokan.

Utabiri wangu: kumbi za kati, za watu elfu mbili hivi, miji michache, tiketi kwa wanachama wa klabu kwanza. Na tiketi zenyewe hazinunuliwi, ni bahati nasibu. Unaomba, unasubiri wiki kadhaa, unaambiwa "kwa bahati mbaya". Mara nyingi wanadai namba ya simu ya Japani na jina lako kwenye tiketi. Kwa hiyo mzee wa Tabata usianze kuuza kiwanja.

#15 MzeeWaKaseti

Kiwanja kimeshauzwa zamani, hiyo ndiyo Spacio.

Kaka Fundi, mimi napingana nawe kidogo tu. Mariya Takeuchi ana miaka 70 na mwaka huuhuu anazunguka kwenye kumbi kubwa kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11. Kwa nini yeye aweze na Akina awekwe kwenye kumbi za kati?

#16 FundiNagoya

Kwa sababu Mariya hakuwahi kuishi jukwaani, mzee. Yeye ni mtunzi, yuko nyumbani, anatoa albamu akijisikia, mumewe Tatsuro Yamashita ndiye mtayarishaji wake. Sauti yake haikutumika sana, iko kama gari la mwalimu mstaafu, kilomita chache, kalitumia kwenda sokoni tu. Akina aliliendesha la kwake kwenye mchanga kila siku toka akiwa na miaka 16.

#17 Kijogoo86

Gari la mwalimu mstaafu 😂😂 Fundi, wewe ni muuza magari tu hata ukiongelea muziki.

Basi na mimi nitoe utabiri, nisionekane mkosoaji asiye na lake. Mimi nasema hakuna ziara mwaka huu. Kutakuwa na kitu siku ya kuzaliwa kwake Julai, kidogo, kwa wanachama. Labda wimbo mmoja mpya. Na nataka uwe mpya kweli, si za zamani zilizovalishwa suti ya jazi. Hilo ndilo linaloniuma na hamjaligusa. Watu wote wanataka "Desire". Wanamtaka yule wa 1986. Mtu akirudi ili awe sanamu lake mwenyewe, huko ni kurudi?

#18 Bint_Forodhani

Kijogoo, leo umenishangaza kwa uzuri.

Ila nakujibu: sikiliza "Kita Wing" mbili. Ya 1984, ile ya uwanja wa ndege, msichana anaacha kila kitu usiku anapanda ndege kumfuata mpenzi. Anaimba kwa haraka, kama mlango wa ndege unafungwa. Mwaka 2023 alitoa toleo la ala za okestra. Maneno yaleyale, lakini ukisikiliza unaona huyu mwanamke hayuko tena kwenye foleni ya kupanda. Yuko dirishani, anaangalia taa zikipungua huko chini. Safari ileile, umri mwingine. Kwangu huo ni wimbo mpya.

#19 MwanaMvita

Naam. Na aliyeimba yakamkuta haimbi kama aliyesimuliwa.

Mie utabiri wangu ni mfupi: mwaka huu ataonekana tena mara moja au mbili, mahali tusipotarajia. Ziara mwakani. Na hiyo Kohaku ataikataa tena, kwa adabu zao zile.

#20 DogoWaKinondoni

Wakuu nimesikiliza "Nanpasen" sasa hivi kwenye daladala. Kwa nini hamkunionya? Konda ananiuliza "dogo umefiwa?"

#21 Nasubiri_Tu

Karibu kwenye jamvi, dogo.

#22 MzeeWaKaseti

Nimeandika utabiri wa kila mtu kwenye daftari, tutalifungua Desemba. Kijogoo: kitu kidogo Julai, hakuna ziara. Fundi: kumbi za kati. MwanaMvita: mara moja au mbili, ziara mwakani. Bint: hujatabiri, umekwepa kijanja. Mimi nabaki na Kohaku, mtanicheka vizuri.

Nina shida nyingine, Fundi hii ni yako. Diski imegoma kutoka. Kitufe cha kutolea hakibonyei toka Jumapili, nadhani vumbi. Inapiga, lakini ikifika wimbo wa sita inarukaruka, anarudia neno moja kama anaita mtu. Kuna kijana hapa mtaani anataka kuingiza bisibisi.

#23 FundiNagoya

Mzee, bisibisi hapana! Mwambie akae mbali na hilo gari. Nitumie picha ya uso wa redio, karibu, namba zilizoandikwa chini ya kioo zionekane. Na usiizime, iache ipige mpaka nikujibu.